Pale Maji Inarudi Juu

"Lakini kayaki ulirudisha," nikamwambia mama. "Kama huu mto haurudishangi kitu, kayaki nani alileta?"

Mama alikuwa amekaa kwa mlango wa jiko ya kukhu, nyanya yangu, akikata mboga ya sukuma ya watu wa matanga, na hakuinua macho. Akasema kayaki si mtu, kayaki ni plastiki, na plastiki hata shetani hana kazi nayo. Akasema wanaume wametafuta siku tisa, wamefika daraja na kupita daraja, wametumia miti mirefu, neti, mpaka ndoano za chuma, wote wameshindwa, sasa mimi mtoto wa juzi, hata matokeo ya kidato cha nne sijapata, nataka kuwaambia nini. Nikamwambia wote walitafuta kuenda chini. Hakuna mtu alitafuta kuenda juu.

"Umeona wapi maji ikipeleka mtu juu?"

Nimeona. Ndio maana naandika hii haraka, nimekaa kwa ngazi ya ghala, mwangaza ikiwa bado iko, kabla watu wa hema wamalize kupiga vigingi na mtu aniite nikateke maji. Kesho ni Jumamosi. Kesho saa nne watazika khocha, kaka ya mama, na khocha hayuko. Kwa kitanda chake kuna mgomba.

Acha nianze na kayaki, kwa sababu ilitoka kwetu.

Mama alikuwa anafulia mzungu mmoja Kitale, nyumba yake haikuwa mbali na kwetu Kibomet. Huyo mzungu alikuwa wa kupenda samaki kuliko watu. Wakati alirudi kwao aliuza kila kitu, friji, meza, hata mapazia, lakini kayaki, hii mashua ya plastiki ya mtu mmoja, ilikosa mwenyewe, akampa mama bure. Ilikaa nje ya nyumba yetu miezi mingi, ndefu, ya manjano, na majirani wakaiita mche wa sabuni. Kuna mama mmoja wa plot yetu ya kupanga alikuwa akipita kila asubuhi anauliza leo tunakata kipande ya ngapi. Kuku zikaanza kutaga ndani. Halafu siku moja khocha akakuja kutoka Bungoma na gunia ya mahindi, akaiona, akaizunguka mara mbili kama mtu anaangalia ng'ombe sokoni, akaigonga na kidole.

"Dada," akaambia mama, "hii kitu umewekea kuku ni ya samaki."

Khocha alikuwa mkulima, lakini mvua ikianza hakuna mtu angemwona shambani. Mvua ikianza, ningu wanapanda Nzoia, mto yetu. Ningu ni samaki wa kukimbia, anapanda mto akipigana na maji ili atage huko juu, na hizo wiki chache watu wa kwetu wanamngoja kila mahali mto inapinda. Kwetu wanamvua wakiwa wamesimama ndani ya maji. Unafunga kamba kiunoni, hiyo kamba ya kufungia ng'ombe, unafunga ile mwisho ingine kwa mti wa kando, halafu unaingia mpaka tumbo. Mto ikikusukuma, kamba inakushika. Babu yangu alivua hivyo, baba yake alivua hivyo, na hakuna mmoja wao alikufa na maji.

Kwa hivyo khocha hakutaka kayaki ya kusafiri. Alitaka ya kukaa. Alitaka kufika katikati, pale penye kamba ya kiuno haiwezi kukufikisha, akae hapo kama mtu yuko kwa kiti cha sebuleni, ningu wapite chini yake.

Ilipelekwa na pikapu ya mtu wa viazi, na mimi nikaenda nayo. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na Kibomet ilikuwa imenichosha. Ndani ya kayaki kulikuwa na kasia moja ya mikono miwili, jaketi ya kuelea, na kitabu kidogo cha Kizungu kinasema venye inatumika. Khocha alisoma mpaka darasa la sita. Akanipatia kitabu, akasema, "Mwalimu, kazi yako ni hii."

Jaketi kukhu aliichukua siku hiyo hiyo. Akaifungia juu ya kigoda chake cha jiko, kwa sababu ni laini na nyonga zake zinamsumbua. Khocha akacheka, akasema wacha mama akalie, yeye si mtoto wa kuvalishwa godoro.

Nilimsomea hicho kitabu jioni mbili, tukikaa kwa veranda. Nilikuwa nasoma Kizungu haraka halafu namwambia kwa Kiswahili, na yeye alikuwa mwanafunzi mgumu, anataka kila neno. Kama nasema "ukae wima", anauliza wima kama nani. Nilichoka. Mimi nimezaliwa na hiyo shida, hata mwalimu wangu wa hesabu aliandika kwa ripoti, ana haraka ya kufika jibu. Jioni ya pili tukafika mahali kurasa mbili zilikuwa zimeshikana, nafikiri kuku ilivunjia yai hapo. Nikazibandua kidogo, nikaona picha ya nanga, nikafungua ile inafuata.

"Hiyo umeruka inasema nini?" khocha akauliza.

"Ni mambo ya nanga. Sisi hatuna nanga."

Akasema sawa. Tukaendelea na venye unatoa ndoano kwa mdomo wa samaki, kitu alikuwa anajua kabla nizaliwe.

Wiki tatu zilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Khocha alijifunza mto kama mtu anajifunza mke. Aligundua ukielekeza pua ya kayaki juu, kule maji inatoka, uiinamishe kidogo upande wa ng'ambo, halafu upige kasia polepole, mto yenyewe inakuvusha. Haikupeleki chini. Unateleza tu kando, unafika ng'ambo kama mtu amekuvuta na uzi. Akanifundisha. Nilivuka na kurudi mara nne, mahali pa maji ya upole, na mara ya nne akasema mimi nitamshinda kwa sababu sina uzito wa dhambi.

Kulikuwa tu na ile sauti. Nyuma ya kiti kuna mabomba mawili ya kusimamishia fimbo za kuvulia, yako wazi juu kama mdomo wa chupa. Upepo ikipita juu yake, yanalia. Si kelele, ni mlio mmoja mrefu, chini chini, kama mtu ameanza kuita jina na akasahau. Mara ya kwanza tuliisikia tukiwa tumeacha kayaki kando ya mto na tunapanda nyumbani, na sisi wawili tukasimama, kila mtu akangoja mwenzake aseme. Khocha akarudi, akaziba mabomba na magunzi ya mahindi. Akasema kitu ya kuvua haifai kuwa na mdomo.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka. Watu hawaelewi hiyo. Wanasema tuliingia na mvua, hapana. Kwetu kulikuwa kukavu, vumbi, nguo zimeanikwa. Mvua ilikuwa imenyesha juu, milimani, na maji ya milima inachukua muda kufika. Khocha aliniambia tufungie kayaki kwa mti wa kando ili akae katikati bila kupiga kasia. Tulikuwa na kamba mpya alinunua Kanduyi, ya nailoni, ya ng'ombe.

Yeye alikuwa ameshakaa. Mimi nilikuwa nimesimama kwa maji ya magoti. Kayaki ina mkono wa kubebea mbele, ingine nyuma, na mbili kwa ubavu. Ile ya mbele ilikuwa mbali, ningehitaji kuingia zaidi, na mawe ya hapo yanateleza. Ile ya ubavu ilikuwa hapa, mbele ya tumbo langu. Nikafunga hapo. Nikafunga fundo ya ng'ombe venye yeye mwenyewe alinifundisha nikiwa na miaka saba, ile ng'ombe ikivuta inakaza. Akaangalia, akavuta kidogo na mkono, akasema, "Hata fahali hatoki hapo."

Akateleza mpaka katikati. Kamba ikanyooka. Nikamwona anaweka chambo.

Kwanza maji ilibadilika rangi. Halafu ikabadilika sauti. Kamba ikaanza kutetemeka na kutoa matone madogo madogo, na kayaki ikageuka, ikalala ubavu mbele ya mto, kama ng'ombe amekataa kuvutwa. Mto ikapanda juu yake. Haikuwa wimbi kubwa. Ilipanda tu, kama mtu anapanda kitanda. Khocha akaniangalia, na hakupiga kelele, alifanya mkono hivi, fungua. Nilikimbilia mti. Fundo ya hapo ilikuwa imekuwa jiwe. Nilitumia kucha, nilitumia meno, kisu hatukuwa nayo. Nilikuwa bado nauma kamba wakati ililegea yenyewe mdomoni mwangu, na nikafurahi. Nilifikiri nimeweza. Ilikuwa imekatika huko mbele, na nikigeuka, katikati ya mto hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo siku tisa zilianzia.

Siku ya tatu kayaki ilirudi. Wanaume walikuwa wameteremka kwa daraja, kila mtu macho chini, na mimi nilitumwa kuita mbwa. Nikaikuta chini ya mkuyu, kando yetu, juu ya mahali ilipinduka. Juu, si chini. Hatua karibu sitini juu. Ilikuwa imekaa wima, haina maji ndani, pua yake inaangalia huko mto inatoka, na ilikuwa inatikisika polepole kama mtu anabembeleza mtoto. Kasia haikuwa. Magunzi hayakuwa. Upepo ukapita na ikaanza kulia.

Nilikimbia, naandika ukweli. Wanaume wakakuja, wakasimama mbali. Mzee mmoja akasema hiyo imekuja kuchukua mwingine, isiguswe. Haijaguswa mpaka leo. Kila asubuhi mimi huenda kuangalia, na kila asubuhi iko chini ya mkuyu, wakati mwingine imesogea karibu na kando, wakati mwingine imeenda mbali kidogo, lakini pua inaangalia juu tu, na haiendi. Mto ya kubeba mawe haiwezi kuibeba.

Kila mtu wa Nzoia anajua maiti inaelea siku ya tatu. Khocha hakuelea ya tatu, wala ya nne, wala ya tano. Kukhu aliacha kulala. Jioni alikuwa anapakua ugali ya khocha kwa sahani yake ya bluu, anafunika, na asubuhi anapatia mbwa. Siku ya sita wazee wakakaa, wakasema kwetu mtu akikataa kupatikana, azikwe mgomba, roho isizurure. Na mgomba ukishazikwa, kutafuta kunaisha. Hutafuti mtu umeshazika. Hata akitokea mwezi ujao, haletwi nyumbani, anafukiwa pale pale kando ya maji, bila nyimbo, bila watu, kama mzoga.

Kukhu aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema neno moja tu.

"Mimi sikuzaa mgomba."

Wakamwambia pole mama, ndio desturi.

Jeneza iliagizwa Kimilili. Mgomba waling'oa jana kutoka nyuma ya choo cha khocha mwenyewe, wakaung'oa na kile kitunguu chake cha chini, kwa sababu hiyo ndio miguu. Waliupima na suti yake ya Jumapili, wakakata juu, pale shingo inaishia. Wakauvalisha koti, wakaulaza kwa kitanda chake, blanketi mpaka kifuani, kofia yake juu. Toka hapo hakuna mtu anasema mgomba. Wanasema yeye. "Msimfungie dirisha." "Nani amekaa na yeye?" Jana jioni zamu ya kukaa ilikuwa yangu na shangazi wawili wa kanisa. Unasikia utomvu ikidondoka kwa sakafu, tone, unangoja, tone. Harufu ni ya shamba, si ya mtu, lakini koti ni yake, ina harufu ya tumbaku, na hizo mbili zikichanganyika unashindwa utaangalia wapi.

Leo asubuhi tulifungua mlango na kofia ilikuwa imesogea. Ilikuwa imeinuka. Shangazi mmoja akaitoa polepole, na chini yake, katikati ya pale palikatwa, kulikuwa na kitu nyororo, kijani cha kupauka, urefu wa kidole, imechomoza usiku. Mgomba ulikuwa unaota. Ulikuwa haujui umekufa. Shangazi akarudisha kofia, akaibonyeza kidogo, ikakataa kushuka. Wakaanza kuomba. Mimi nikatoka.

Nilienda moja kwa moja nikatafuta kile kitabu. Sijui kwa nini leo, na siku nane zote nilikuwa naogopa hata kukiona. Kilikuwa kwa dirisha ya veranda. Nikabandua zile kurasa mbili na mvuke ya sufuria.

Inasema kwa maji inayokimbia, chochote kinakushikilia mahali ni nanga, hata kama ni kamba na mti. Inasema usifunge ubavuni hata siku moja, maji itaigeuza na kuipindua. Funga mwisho, pua ama mkia. Tumia fundo ya kufunguka na mvuto mmoja. Kaa na kisu karibu na mkono. Kuna picha ya mtu kwa kayaki, kamba iko ubavuni, na juu yake wameweka alama ya X kubwa nyekundu. Hata mtu wa darasa la sita angeelewa bila kusomewa. Hata mtoto.

Chini ya hiyo picha kuna kingine. Inasema mto inayopita kwa nguvu, nyuma ya kona ama jiwe kubwa, inatengeneza maji ya kurudi. Katikati inashuka, kando inapanda. Kitu ikiingia hapo inaweza kuzunguka siku nyingi.

Nikasoma hiyo mara tatu. Halafu nikaenda nyuma ya choo.

Ile sehemu ya juu ya mgomba walikata ilikuwa imetupwa hapo, na majani yake. Hiyo si yeye, hiyo ni takataka, hakuna desturi nimevunja. Nikakata majani na panga, nikaifungia mawe matatu, kwa sababu mgomba unaelea na mtu anazama kwanza, nilitaka izame nusu. Nikaibeba kwa bega mpaka mto. Wanaume wote walikuwa nyumbani kwa sababu ya hema. Kayaki ilikuwa chini ya mkuyu, inatikisika. Nikasema "habari ya asubuhi," sijui kwa nini, nilijipata tu nimesema.

Nilienda kwa ule mti nilifungia kamba. Kamba bado iko, fundo yangu bado iko, na alama za meno. Nikaingia mpaka kiuno, nikasukuma ile sehemu ya mgomba kwa mkondo.

Haikuenda chini. Ilishuka hatua kama ishirini, halafu mkondo ukaipeleka ng'ambo, haraka, kama imeitwa, mpaka pale mti mkubwa ulianguka mwaka jana na matawi yake yako ndani ya maji. Ikafika hapo, ikasimama wima, kweli ilisimama, nusu nje, kama mtu anaangalia nyuma. Halafu ikavutwa chini ya mti. Nikangoja itoke upande ule mwingine. Nilihesabu mpaka mia tano. Majani makavu yalitoka, povu ilitoka, ikazunguka, ikashika kando yetu na kuanza kupanda mpaka mkuyu, polepole, pale penye kayaki inakaa. Mgomba haukutoka.

Wanaume waliangalia huo mti siku ya kwanza, lakini kutoka juu, kule ng'ambo ni mwamba na miiba, unaona povu tu. Kutoka maji hakuna mtu amefika. Hakuna kitu ya kufika nayo, isipokuwa moja, na hiyo wanaiogopa.

Basi yeye yuko hapo. Si daraja, si ziwani. Hatua hamsini kutoka kwa fundo yangu, siku tisa, akisikia sisi tukimwita tukielekea chini.

Upepo ukapita na kayaki ikalia, na mara hii sikukimbia. Nilitaka tu kujua inasema nini.

Hayo ndio nilimwambia mama pale kwa mlango wa jiko, lakini bila zile kurasa. Nilimwambia ya mgomba na ya maji kurudi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka azike wawili. Nikamwambia sitaingia kutoka juu, kitabu inasema mti ulioanguka kwa maji ukiuingia kutoka juu unakunyonya, kama ulivyonyonya mgomba. Nitavuka chini kabisa, halafu nipande nikishika kando ya ng'ambo, kuangalia tu, na kumfunga kamba kama yuko. Wanaume watavuta. Mama akasema wanaume hawatakuja. Nikasema wakimwona watakuja. Akasema, "Na wewe nani alikuambia hiyo kitabu inajua Nzoia?"

Hapo kukhu akaongea kutoka ndani ya jiko. Tulikuwa tumesahau yuko. Akasema nikuje.

Alikuwa kwa kigoda chake, miguu karibu na moto. Akaniambia niseme ile sijasema. Sijui alijuaje. Nikasema yote. Kurasa, yai, nanga, ubavu. Nilisema nikiangalia mafiga. Mama alikuwa amesimama kwa mlango na kisu ya sukuma, hakusogea.

Kukhu alisukuma kuni ndani ya moto.

"Alikuuliza mara ngapi?" akasema. "Hiyo uliruka."

"Mara moja, kukhu."

"Huyo hakuwa anaulizanga mara mbili. Hata akiwa mtoto."

Halafu akashika ukuta, akainuka, na si rahisi kwake kuinuka. Akageuka, akafungua zile kamba kwa kigoda, moja moja, akatoa jaketi. Ilikuwa nyeusi na moshi, imelala umbo lake. Akaipiga kwa nguzo mara tatu, majivu yakatoka. Hakunipatia mkononi. Aliiweka kwa kigoda na yeye akakaa chini, kwa udongo.

"Nataka miguu," akasema. "Hata kama ni miguu tu. Nishike."

Mama alitoka nyuma yangu. Nilifikiri ananichapa. Akaniambia nimwonyeshe hiyo fundo ya kufunguka. Nikachukua kipande ya kamba iliyobaki, nikafunga kwa nguzo ya ghala. Akavuta mwisho mfupi, ikafunguka. Akaniambia nifunge tena. Akavuta, ikafunguka. Akafunga yeye mwenyewe, akaegemea kwa uzito yake yote, uzito ya kufua nguo ya watu miaka kumi na tano, ikashika. Akavuta mwisho mfupi, ikafunguka. Akarudi kwa sukuma yake, lakini kamba alienda nayo.

Mwangaza inaisha na hema imesimama. Kwa nyumba ya khocha wanaimba, na kutoka hapa naona dirisha, wazi, na kofia juu ya kitanda. Iko juu kuliko asubuhi.

Nimeamua hivi. Kesho jogoo wa kwanza, kabla ng'ombe zitolewe, nitashuka mto na jaketi ya kukhu mwilini, panga ndogo imefungwa kwa mkono wa kulia, na magunzi mawili mfukoni. Nitaziba mabomba kwanza, halafu niivute kayaki kando kando mpaka nipite ule mti ulioanguka, huko chini kabisa. Kamba itakuwa kwa mkia, haitakuwa ubavuni, na mwisho ingine mama ataishika akiwa amekaa nyuma ya mti wa kando yetu, miguu kwa mizizi. Nitaelekeza pua juu, niinamishe kidogo upande wa ng'ambo, nipige kasia nimeunda na mpini wa jembe, polepole bila haraka yoyote, na nitahesabu kila pigo kwa sauti ili nisiruke hata moja.